Bakuli la Maji Barazani

Katika kijiji kimoja watu walikuwa wakifa, kila mwaka wengi kuliko uliopita, na kila aliyekufa alianza kwa kuogopa maji. Wanyama wakaitisha baraza, Mbwa akiwa mwenyekiti.

"Muuaji ni Popo," alisema Mbwa. "Mtazameni hiyo sura! Tulichome pango lake."

Wakacheka.

"Mheshimiwa," Popo akasema, "nina watoto pangoni. Kabla hamjatuchoma, mimi na wewe tunywe maji hapa hapa."

Bakuli likaletwa. Popo akanywa. Mbwa akalitazama, akatetemeka, povu likamtoka mdomoni.

Baraza zima liliona.

"Mwenyekiti amechoka," Mbuzi akasema upesi. "Msimsumbue."

Wakalichoma pango, watoto wa Popo wakiwa ndani. Kisha wakamsindikiza Mbwa kwa heshima hadi nyumbani kwa watu, akalale karibu na watoto wao.