Sauti ya Dizeli

Mwaka wa ishirini na moja tangu magari yote yaamriwe kwenda kimya, mama yake Restituta alikuwa bado hajazoea. Kila alasiri alikaa mlangoni kwake Mbulu akisubiri mngurumo wa Landrova ya mumewe. Mume huyo, Mzee Tluway, alishafariki, lakini mama alikuwa amesahau mazishi. Sauti ya gari hakuisahau.

Restituta aliomba kibali cha kuwasha dizeli, akapewa cha siku moja, mwisho saa kumi na mbili jioni. Yeye na fundi Gwandu waling'oa mota ya umeme kwenye ile Landrova, wakachomelea vishikio vipya, wakafunga injini ya dizeli iliyokuwa ikisukuma pampu ya maji zamani. Kwa kuwa dizeli haikuuzwa tena, walitia mafuta ya alizeti.

"Akiisikia leo, kesho ataitaka tena," Gwandu alimwambia.

"Najua, fundi. Lakini amengoja mno."

Gari liliingia uani likinguruma, Restituta akiwa kwenye usukani. Mama alitoka amevaa khanga mpya, akachungulia kiti cha dereva.

"Baba yako umemwacha wapi?"

Restituta alipeleka mkono kwenye ufunguo azime injini. Mama akazunguka, akapanda, akafunga mlango.

"Basi twende tukamchukue. Usizime, mwanangu."

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kufika saa kumi na mbili. Restituta aliingiza gia, akashika barabara bila kujua aendako, huku mama akimweleza kwa furaha atakachompikia mzee.