Sigara Moja kwa Ishara

Kidole kimoja kilipenya kwenye wavu wa duka, kikasimama wima. Mama Pacha hakuuliza. Alichomoa sigara moja kutoka pakiti iliyofunguliwa, akampa mteja wake aliyejizungushia skafu shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Koo bado, shemeji?"

Mteja akatikisa kichwa. Tangu ahamie mtaa huo hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno, na kila mtu alikuwa na hakika ya sababu. Wazazi waliwanong'oneza watoto: mnamwona yule? Moshi umemla sauti. Wakambandika jina, Bubu.

"Ningekunyima," Mama Pacha alisema, "lakini nikikunyima wewe itabidi niunyime mtaa mzima. Nitauza nini hapa, hewa?"

Alicheka peke yake. Alishinda nyuma ya wavu ule, mgongo ukigusa rafu ya pakiti zilezile zilizomharibu mumewe mapafu. Daktari alishasema wazi: akirudia, asitarajie kuwaona pacha wao wakimaliza shule. Kuziondoa rafuni hakuweza. Waliofuata sigara ndio walionunua na sabuni.

Aliyemwachisha mumewe hakuwa daktari. Alikuwa mzee wa kwenye tangazo la redio, yule wa kabla ya taarifa ya habari, mwenye sauti nzito, ya taratibu, kama ya baba anayekuketisha pembeni bila kukugombeza. Baba Pacha, aliyewapuuza mkewe na mama yake mzazi, kwa mzee huyo alitulia tuli.

"Yule alivuta, akaacha," alikuwa akisema. "Hanidanganyi."

"Njoo, mzee wako anaongea!" Mama Pacha alikuwa akimwita kila jioni, naye alikuja mbio, mikono ikiwa bado na grisi ya gereji. Miezi ilipita bila kugusa hata kishungi.

Bubu pekee ndiye asiyelipenda tangazo lile. Likianza tu, aliinamisha uso akaondoka, hata kama hajapewa chenji. Mama Pacha alimwonea huruma. Linamchoma, maskini.

Jioni hii umeme ulikuwa umekatika, redio kimya. Bubu akabaki ukutani, akavuta kwa pupa, macho yakienda huku na huku kama ya mtu aliyefungiwa chumbani. Ndipo Baba Pacha alipotokea, shati likiwa wazi vifungo vyote.

"Wamenifukuza kazi," alisema. "Nipe moja."

"Hapana, Baba Pacha."

"Moja tu. Kichwa kinapasuka."

"Na mzee wako utamwambia nini?"

"Mzee amekatika na umeme."

Aliingia kwa mlango wa nyuma, akanyoosha mkono kwenye rafu. Mama Pacha akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaburutwa naye mpaka nje, viatu vikimtoka. Sigara ilikuwa tayari mdomoni mwa mumewe.

"Shemeji!" alimlilia Bubu. "Mwonyeshe! Mwonyeshe koo lako lilivyoharibika, labda wewe atakuogopa!"

Bubu alitazama barabara, kana kwamba anapima umbali wa kukimbia. Akamtazama yule mwanamke aliyesimama peku. Midomo yake ilicheza bila sauti. Kisha akaivuta skafu chini.

"Usiwashe, ndugu yangu," alisema. "Keti hapa, tuzungumze kidogo."

Sauti ilikuwa nzito, ya taratibu. Mama Pacha aligeuka haraka kuitazama redio.

Baba Pacha aliganda. Alimtazama Bubu mdomoni, akashusha macho polepole mpaka kwenye vidole vyake, ambako moshi ulikuwa ukipanda.

"Kumbe ni wewe, mzee," alisema.

Akasogea karibu, akainama.

"Basi nipe moto."