Mji Uliomfukuza Kiboko

Zamani, wanyama walipoanza kuchagua wenyeviti, Nguchiro aliongoza mji wa Ukingoni, uliostawi kando ya mto. Kila mwenye kiu alipita hapo, na wengi walinogewa wakajenga. Sifa zikamvimbisha kichwa Nguchiro, akaanza kuuonea aibu mji wake kwa sababu moja tu: Kiboko, aliyepita mtoni kila jioni akivuruga matope.

"Mzee Kiboko," alimwambia mbele ya mkutano, "wageni wetu wanataka maji safi. Hama."

"Mwenyekiti, nikiacha kuyakanyaga matete, mto utaziba."

"Mto ulikuwepo kabla hujaota makalio hayo."

Mkutano ukaangua kicheko. Kiboko akainamisha kichwa, akaondoka.

Maji yalitakata, na Nguchiro akachezewa ngoma. Lakini matete yalisongamana, tope likajaa, na masika yalipofika mto ukajitafutia njia nyingine, kule alikohamia Kiboko. Wakazi wakaufuata, nyumba baada ya nyumba. Nguchiro aliona haya kumpigia hodi aliyemfukuza, akabaki.

Siku moja Digidigi alipita kati ya vibanda vitupu, akamkuta ameketi peke yake, kifua mbele.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni nani hapa?"

"Mwenyekiti wa mji."

"Mji upi?"

Nguchiro akatazama huku na huku. "Keti kwanza," akasema, "akidi imetimia."

Digidigi alikuwa na kiu. Akamuaga kwa adabu, akaenda kwa Kiboko.