Leo Hatuumwi

Katika zahanati ile, mgonjwa aliyewahi kufika aliacha kanga yake kwenye benchi imshikie foleni. Asubuhi hiyo benchi lilijaa kanga, na nesi alikuwa mmoja tu, Zamaradi. Nje, gari la kumpeleka kwenye mtihani wa leseni ya ukunga lilikuwa likinguruma. Wa kumshikia zamu hakutokea.

"Nenda, mjukuu wangu," alisema Bi Kidawa, mguu wake umevimba. "Mtihani wa mwaka jana uliukosa kwa ajili yetu."

"Na nyinyi je, bibi?"

"Sisi leo hatuumwi." Akainuka kwa shida, akaikung'uta kanga yake. "Au kuna anayeumwa hapa?"

"Mimi nilikuja kusalimia tu," alidakia mwingine, wakacheka. Kanga zikachukuliwa moja moja hadi benchi likabaki tupu.

Zamaradi alifunga mlango, machozi yakimlenga. Wanawake walikuwa wakirudi makwao taratibu, hakuna aliyegeuka nyuma.

Dereva akapiga honi. Zamaradi hakulitazama gari. Alikuwa akimtazama mama mmoja aliyempakata mtoto, akimbana uso begani kwa upole ili kikohozi chake kisisikike.