Kidonge cha Nyumba Yetu

Jamani, nimepata kidonge. Nilitoka zahanati mbio, viatu mkononi, nikiwaza vigelegele vya mama.

Kila nyumba inapewa mtu mmoja tu. Ukimeza kila asubuhi, ile sumu ndogondogo inayozaliwa mwilini tukivuta hewa haikuli, kwa hiyo huzeeki. Kwetu alikuwa anameza mama. Ana miaka hamsini na nane, na mtaani wanatuita mapacha. Mimi nikadhani sheria imebadilika, sasa ni wawili wawili.

Sikuwa nimemwona tangu Jumapili nilipoenda hosteli. Nikamkuta jikoni anakuna nazi, kichwa chote mvi, uso umejaa makunyanzi.

"Mama, wamenipa," nikasema.

"Najua. Jumatatu nilienda kufuta jina langu, waandike lako."

Ukiacha kumeza, miaka yote uliyoikwepa inarudi ndani ya siku chache. Chuoni tulisoma hayo, nikapata A.

"Twende ukarudishe jina lako, mama. Tafadhali."

"Halirudishwi. Kidonge huanzwa katika umri kama wako, ukishapita basi. Meza, na uache kunidondoshea machozi kwenye nazi yangu." Akacheka, akakohoa.

Muuza mchicha akabisha hodi. Kila wiki akija humtania mama, "Dada Zuhura, lini nije kwa wazee kuposa?" Leo alichungulia, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi. Dada yupo?"

Mama akafuta mikono kwenye kanga.

"Marahaba, baba," akasema, akaninyooshea kidole. "Huyu hapa."