Sentensi ya Kwanza

Begi la Tunu lilikuwa tayari mlangoni. Mumewe, Khelef, alisimama mbele ya ubao wa jikoni, pale ambapo wao wawili, wanahisabati, walijengea misingi ya hesabu zao miaka yote.

"Kabla hujaenda," alisema, "tutafute sentensi moja tu tunayoikubali sote bila uthibitisho. Tuanzie hapo, kama siku zote."

Akaandika: *Tunapendana.*

Tunu akaifuta kwa kiganja. "Hilo neno hatujalifafanua."

Khelef akaandika tena: *Hakuna mwenye kosa.*

"Hilo ndilo tunalobishania tangu juzi, Khelef!"

Khelef akainua chaki tena. Tunu akamtazama usoni, kisha kifuani. Akamnyang'anya chaki, akaandika kwa hati yake ndogo: *Shati la Khelef limekatika kifungo.*

Khelef akainama, akajikagua kwa makini kama anayesahihisha mtihani.

"Nakubali," alisema. "Na kutokana na hapo?"

"Vua shati."

Uzi na sindano vilikuwa ndani ya begi, chini kabisa. Tunu akapiga magoti mlangoni, akaanza kutoa nguo, moja baada ya nyingine.