Mkoromo wa Fundi

Mwalimu aliubeba mto wa mumewe kutoka chumbani, akautupa juu ya kochi la sebuleni, kisha akaupiga makofi mawili kana kwamba mto wenyewe ndio uliokosa.

"Miaka arobaini na miwili hukukoroma, Fundi. Uzeeni ndiko unakojifunza?"

Fundi aliapa kwamba hakoromi. Mwalimu akamkumbusha habari za nyani na kundule, mazungumzo yakaishia hapo.

Hiyo ilikuwa aibu yake ya pili. Ya kwanza ilining'inia nje ya ukuta wa chumba chao, chini ya upenu wa paa: kisanduku cha mbao chenye tundu la duara, alichokitengeneza kwa mikono yake ili bundi waje kuzaa humo na kuwamaliza panya waliokuwa wakitoboa magunia ghalani. Wajukuu walikisifu. Mwalimu alisema ni nyumba nzuri isiyo na mpangaji. Wakaahidiana: miezi mitatu ikipita bila bundi, kisanduku kishushwe, kuku wa Mwalimu wapate pa kutagia.

Majuma sita ya kwanza Fundi alikaa uani kila machweo, darubini machoni, shingo imekakamaa. Hakuona hata unyoya. Akakata tamaa, na darubini ikarudi kabatini.

Mwalimu hakuwa na nafasi ya kumliwaza. Kila asubuhi alifagia vibonge vya manyoya na vijifupa chini ya ukuta ule, akimlaani paka wa jirani aliyekula kwao akaja kutapika kwa watu. Jambo jema lilikuwa moja tu: panya walikuwa wamepungua, naye hakuchoka kuusifu mtego mpya alioununua, ingawa ulikuwa haujanasa kitu.

Siku ya ahadi ikafika. Baada ya chakula cha mchana, Fundi alisimama mlangoni mwa chumba, bisibisi mkononi.

"Niongezee juma moja tu, Mwalimu."

"Ahadi ni deni."

Fundi akatoka kwenda kuchukua ngazi. Mwalimu akajinyoosha kitandani, lakini moyo ulimsuta. Seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa ule alikuwa ametembea kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

Usingizi ulikuwa ndio kwanza unamnyemelea aliposikia mkoromo: mrefu, mkavu, wa kukwaruza. Akatabasamu. Kumbe mzee ameikwepa ngazi, amejilaza! Leo angemshika na ushahidi, na wala asingethubutu kuapa tena. Akavua kandambili, akanyata hadi sebuleni.

Kochi lilikuwa tupu. Mto ulikuwa baridi. Dirishani alimwona Fundi katikati ya ua, ngazi begani, akikokota miguu kuelekea ukutani.

Na kule chumbani, kusikokuwa na mtu, mkoromo uliendelea. Ukaitikiwa na wa pili, kisha wa tatu, yote ikitokea nje ya ukuta, kule chini ya upenu.

Mwalimu akauchukua mto kutoka kochini, akaukumbatia, akafungua dirisha polepole.

"Fundi," akanong'ona, "iweke ngazi chini, taratibu. Utawaamsha watoto wa watu."